Niliona Saa Tano na Nusu

Basi lilikuwa na viti arobaini na watu tisa, nami nikaenda kukaa kando ya mtu.

Sina la kujitetea. Nilipanda, nikaona mwanamke amekaa dirishani safu ya tatu, na mwili ukaenda wenyewe kukaa pale, kama ulivyozoea kukaa kando ya mke wangu Lempi miaka arobaini na mmoja. Nilipogutuka nilikuwa nimeshaketi. Kwetu Savo, huku Ufini, mtu hafanyi hivyo. Basi likiwa na nafasi, wewe unakaa peke yako na mwenzako anakaa peke yake, na hiyo ndiyo heshima. Anayemfuata mtu kitini wakati viti viko tele ni mlevi au mhubiri. Na ukishakaa huwezi kuinuka, maana kuinuka ni kumwambia mwenzako kwamba ananuka.

Mwenzangu huyo alikuwa Hilkka Väätäinen, mjane wa ng'ambo ya ziwa, ambaye mumewe alikuwa fundi wa injini za boti. Tulijuana kwa sura na kwa salamu za dukani, enzi hizo duka lilikuwepo. Alivuta kikapu chake akakipakata, akageukia dirisha, akabaki hivyo. Mimi nikatazama kisogo cha dereva. Magoti yangu sikujua niyaweke wapi.

Kutoka nyuma nikasikia mtu akichekea puani. Sikuhitaji kugeuka. Nilikata miti na Arvi Tirkkonen miaka ishirini, na pua yake ninaijua.

“Tahvo amefufuka,” alisema, sauti ikafika hadi kwa dereva. “Na hajapoteza hata dakika.”

Watu wakacheka kidogo, ndani ya kola za makoti yao. Zamani ningemjibu kabla hajafunga mdomo. Safari hii jibu lilinijia tulipokuwa tumeshavuka daraja la pili, likiwa limepoa kama uji wa jana. Nikalimeza. Shingo ilikuwa inawaka, na pembeni Hilkka alikuwa anapumua kwa uangalifu, kama mtu aliyeketi karibu na mbwa asiyemfahamu.

Nilikuwa sijatoka nyumbani, kutoka kwa maana ya kutoka, tangu Lempi azikwe. Karibu miaka miwili. Gari la mboga na mikate lilinipitia kila Jumanne, na mwendeshaji alikuwa kijana wa Kiestonia asiyeongea, tukapatana vizuri. Redio ilisema, mimi nikanyamaza. Wala sikuona kama nimepungukiwa. Watu wana nini cha kuambiana? Waliokuwa na neno la kusema walitakiwa kulisema pale halmashauri ilipofunga zahanati yetu na kuuza jengo kwa mtu wa kutengeneza mishumaa. Hawakusema. Halafu usiku mmoja wa Novemba Lempi akashikwa kifua, nikapiga namba ya dharura, wakaniambia gari linatoka mjini, kilomita sabini, tulia ungoje. Nikatulia, nikangoja. Ndivyo nilivyofunzwa: wakubwa wakisema ngoja, unangoja. Gari lilifika. Lempi hakungoja.

Baada ya mazishi nilikwenda kwenye kikao cha halmashauri, nikapiga meza ya mwenyekiti mpaka glasi ya maji ikaanguka. Walinitoa nje wakiwa wamenishika viwiko, kwa upole, kama kiti kilichovunjika. Tangu siku hiyo, nikitaja neno halmashauri, watu hutazama viatu vyao.

Nilikuja kwenye matembezi haya ya vuli, ambayo halmashauri huwaandalia wazee, kwa sababu ya barua zao. Ya kwanza na ya pili niliwashia jiko. Ya tatu ilisema kwamba wakazi wanaoishi peke yao ambao hawajibu watatembelewa nyumbani ili hali zao zitathminiwe. Nikatazama jikoni kwangu, magazeti yaliyopangwa mpaka dirishani, kitanda cha Lempi ambacho sijakigusa. Nikaona afadhali niende msituni mara moja kuliko waje kwangu na makaratasi yao. Basi nikanyoa, nikajikata mara mbili, nikachukua kikapu.

Kiongozi wetu alikuwa msichana wa halmashauri, Riikka, hajafika hata miaka thelathini, na koti jekundu lenye nembo. Alitupanga mbele ya kibanda cha magogo, kile cha wawindaji, kilicho wazi upande mmoja na jiko la mawe mbele yake. Alitueleza kwamba tutachuma uyoga hadi saa sita, kila mtu atamwaga kikapu chake mezani, tutausafisha pamoja, na Arvi atatupikia supu moja ya wote. Alisema ana cheti cha kozi ya wikiendi mbili. Akatuonyesha pia simu yake, yenye programu ya kupiga picha uyoga na kuutaja jina.

Nilimtazama nikafikiri, hivi ndivyo wanavyofanya. Walikuwa na daktari, wakampunguza wakaweka muuguzi. Walikuwa na muuguzi, wakamwondoa wakaweka simu. Lakini sikusema. Nilikuwa nimeahidi nafsi yangu kwamba siku hii nitapita bila kufungua mdomo, nirudi nyumbani, waandike kwamba Tahvo hana tatizo.

Msitu ulinipokea vizuri kuliko watu. Majani ya mibetula yalikuwa yamepukutika yote, yako chini kama ngozi za njano, na penye misonobari ardhi ilikuwa laini na ya kijani, inazama chini ya buti bila sauti. Hapo ndipo faneli huota, wakati uyoga mwingine umeshaoza. Ni uyoga mdogo wa kahawia, umebonyea katikati, shina la njano lenye uwazi ndani kama mrija. Humwoni hata mmoja, halafu ukimwona mmoja, unaona mia. Nilipiga magoti nikachuma, na kwa nusu saa nilikuwa mtu kamili tena, sikumbuki basi wala pua ya Arvi.

Sasa, katika kuchuma uyoga kwetu kuna jambo ambalo hata mtoto analijua. Hutazami kikapu cha mwenzio. Kikapu kinaeleza mtu ametoka wapi na ana mahali gani pa siri, alipoonyeshwa na mama yake ambaye alionyeshwa na mama yake. Kukichungulia ni sawa na kuchungulia dirishani kwa mtu wakati anaoga. Mkikutana msituni, kila mmoja anapeleka kikapu chake upande wa pili wa nyonga, mnasema hewa ni nzuri, mnaachana.

Nilimkuta Hilkka nyuma ya jiwe kubwa. Alikuwa amepiga magoti akikata haraka haraka, kwa kupapasa zaidi kuliko kwa kutazama, na kikapu kilikuwa wazi kati yetu, kimekaribia kujaa. Aliponisikia alishtuka. Alikivuta, akakihamisha upande wa pili. Kilipita mbele yangu kwa muda wa pumzi moja tu.

Katika pumzi hiyo nikaona kofia ya kutu.

Ndivyo mama yangu alivyokuwa akimwita. Huota palepale faneli anapoota, kwenye kijani kilekile, siku zilezile. Naye ni mdogo na wa kahawia. Lakini kahawia yake inawaka kama kutu ya msumari, juu ya kofia ana kinundu, chini ana kurasa nene kama za kitabu, na shina lake halina uwazi, limejaa. Kupika hakumvunji nguvu. Tena haui siku hiyohiyo. Ukimla leo, unashiba, unasifu, unalala. Wiki inayofuata, au hata ya tatu, unaanza kusikia kiu ambayo maji hayaikati, na figo zako zimeshakufa zamani. Mwaka niliozaliwa aliua familia nzima ng'ambo ya pili ya mto, na mama alitulisha habari hiyo kila vuli pamoja na mkate.

Nilisimama pale. Ulimi ulikuwa mdomoni lakini haukuwa wangu.

Nilitafuta namna ya kuanza. Niseme nimekichungulia kikapu chako? Mimi, niliyekwenda kujibandika kando yake kwenye basi tupu? Angedhani nini? Na kama nimeona vibaya? Ilikuwa pumzi moja, mwanga hafifu, na macho yangu yalikuwa yamezoea ukuta wa jikoni. Nikatazama saa yangu ya mkononi, si kwa kutaka kujua saa, bali nipate kitu cha kutazama. Ilikuwa saa tano na nusu.

Hilkka akaniambia kwamba kule bondeni kuna uyoga mwingi zaidi. Maana yake ilikuwa ondoka. Nikaitikia kwa kichwa, nikaondoka.

Nilijiambia nitamtoa mezani. Ndiyo, kikapu kitamwagwa, tutasafisha pamoja, nami nitasimama pale na kisu changu, nitamwona, nitamchukua kimyakimya na kumtupa motoni, na hakuna atakayeaibika. Ulikuwa mpango mzuri. Nilirudi kibandani wa kwanza kabisa ili niutimize.

Kisha watu wakaanza kufika. Wakakaa kwenye mabenchi na chupa zao za kahawa na mikate yao mitamu ya iliki, wakazungumza habari za wajukuu na za goti la nani limebadilishwa. Mmoja akasogea kunipa nafasi. Akasogea tu, na kwa kusogea kule nikahisi kila jicho liko juu yangu, kwamba sasa nitatakiwa kukaa, nishike kikombe, niulizwe unaendeleaje. Nikamwaga kikapu changu mezani, nikasema kuni hazitoshi. Zilitosha. Nikaenda nyuma ya kibanda kwenye rundo la kuni, nikachukua shoka.

Nilipasua kuni ambazo hakuna aliyezihitaji. Kila gogo nilisema hili ndilo la mwisho, baada ya hili naenda mezani. Nikisikia kicheko, nachukua jingine. Jasho lilinitoka, na halikuwa la shoka. Nilimwona yule uyoga machoni, nikamwona Hilkka, nikamwona yule mzee aliyesogea benchini, na bado mikono ilisimamisha gogo jingine. Mtu anaweza kujificha tangu saa kumi na moja asubuhi mpaka jioni bila kugundua kwamba anajificha. Mimi nilikuwa na ujuzi wa miaka miwili.

Harufu ndiyo iliyonitoa. Siagi na vitunguu.

Nilipozunguka kibanda, meza ilikuwa imeshafutwa. Kitambaa kilikuwa kimeanikwa kwenye msumari, visu vimeoshwa. Sufuria kubwa ilikuwa juu ya jiko la mawe, Arvi anakoroga na mwiko, malai yameshamiminwa, na vipande vya kahawia vinapanda na kuzama, vyote vimekatwakatwa saizi ya kidole gumba. Riikka alikuwa anapanga mabakuli. Alikuwa ameshaliweka la kwanza mkononi mwa Hilkka, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na umri mkubwa kuliko wote.

Nilimwendea Riikka, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba supu isiliwe. Sauti ilitoka na kutu yake. Akaniuliza nimesemaje. Nikarudia, na mara ya pili ikatoka kubwa mno, na mabenchi yote yakageuka.

“Mzee Tahvo, kila kikapu nimekipitia mwenyewe,” alisema Riikka. Alikuwa na adabu. Nilihisi walimfundisha namna ya kuzungumza na watu wa aina yangu.

“Kwa macho au kwa simu?”

“Kwa vyote viwili. Niliupiga picha uyoga ukiwa mezani. Simu imesema ni faneli, asilimia tisini na saba.”

“Na hizo tatu zilizobaki atakula nani?” nikamuuliza. “Mwenyekiti wenu? Yeye mbona hayupo hapa na bakuli?”

Hapo ndipo nilipoharibu. Niliona kwa macho nyuso zikifunga, moja baada ya nyingine, kama maduka saa ya kufunga. Walitazama buti zao. Wameshanisikia, wanaujua wimbo huu. Arvi akatikisa kichwa, mwiko mkononi.

“Ameanza,” alisema. “Tahvo, ndugu yangu, hata kwenye sufuria umewaona halmashauri? Mleteeni meza apige, tupate kula.”

Wakacheka, safari hii kwa nafuu. Riikka alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Akachota bakuli la pili, akampa mtu. Na Hilkka akaingiza kijiko kwenye supu yake, akakipuliza.

Nilijua nikisema neno jingine moja kuhusu wakubwa, hakuna atakayenisikia tena, na watakula. Nilikuwa na mengi ya kusema kuwahusu, na yote ni kweli. Miaka miwili nilikuwa nayo tu, hayo ndiyo maneno pekee yaliyobaki yanasogea kinywani bila kukwama. Nikayaacha. Bila hayo nilijikuta sina kitu. Nikavuka pale kati, nikaweka kiganja changu juu ya bakuli la Hilkka. Mvuke ulinichoma.

“Hilkka, usile. Mna uyoga wa sumu, ametoka kwenye kikapu chako.”

Alinitazama. Kijiko kilikuwa hewani.

“Ulichungulia kikapu changu?”

“Nilichungulia.”

Mtu mmoja kwenye benchi akakohoa. Kama ningesema nimemwibia, wasingeshangaa zaidi.

“Lini?”

“Pale kwenye jiwe. Ilikuwa saa tano na nusu, nilitazama saa. Aliyekuwa juu kabisa alikuwa kofia ya kutu.”

“Sasa hivi ni saa saba, Tahvo.”

“Najua.”

“Ulikuwa wapi muda wote huo?”

Nilisikia moto ukitafuna kuni zangu. “Nyuma ya kibanda,” nikasema. “Nilitaka kumtoa mezani. Nikaogopa kuja mezani. Niliwaogopa ninyi.”

Hakuna aliyecheka. Hilkka alinitazama usoni kwa karibu, kwa namna ya watu ambao macho yao yanaanza kuwaacha. Kisha akaliweka bakuli chini, pembeni ya buti yake.

“Hayo mtu hawezi kujizulia,” aliwaambia wengine. “Angekuwa anatafuta kuwaaibisha halmashauri, asingeanza kwa kujipaka tope yeye mwenyewe.” Akamgeukia aliyepewa bakuli la pili. “Weka chini, wewe. Usinitazame mimi, weka chini.”

Riikka alisogea hadi kwenye sufuria. Alifanya kazi, sitamnyima hilo. Tulichota supu kwa chujio, tukamwaga vipande kwenye mfuniko, nikamwonyesha kimoja kimoja. Hiki ni faneli, ona, shina ni mrija, chini ni mikunjo tu kama mishipa ya mkono. Hiki faneli. Hiki faneli. Tulifika mfuniko wa tatu bila kitu, na nilianza kutamani ardhi inimeze. Nilisikia watu wakivuta pumzi nyuma yangu. Nikawaza kwamba nimepoteza chakula cha watu kumi na siku yao, kwa sababu ya pumzi moja ya mwanga mbaya, na kwamba nikirudi nyumbani sitatoka tena.

Kwenye mfuniko wa nne kilikuwepo. Kipande cha kofia chenye kinundu, na chini yake kurasa, nene, zimeachana, rangi ya kutu. Halafu kipande cha shina, kimejaa, kigumu. Halafu kofia ya pili.

Riikka alikaa chini palepale kwenye majani mabichi. Alisema, si kwa mtu yeyote, kwamba alipiga picha rundo zima kwa pamoja, kwa kuwa aliona ni uyoga wa aina moja. Nilikuwa na jibu la kumpa. Nilimtazama, mtoto wa watu, wikiendi mbili, mkataba wa miezi sita, ametumwa peke yake msituni na wazee kumi ili wakubwa waandike kwamba wazee wametembezwa. Nikaona jibu hilo si la kwake.

Wakati huo Arvi alikuwa bado ameshika mwiko. Sasa akasema, polepole, “Mimi nimeonja chumvi.”

Tukamgeukia wote.

“Mara mbili,” akasema. “Ya pili nilitafuna.”

Kutoka kule hadi hospitali ya mjini ni kilomita themanini na tatu. Dereva aliendesha kama mwizi. Mabaki tuliyatia kwenye chupa ya jemu ya Hilkka ili daktari ayaone. Daktari aliuliza alikula saa ngapi, kiasi gani, na uyoga ulitambuliwa saa ngapi. Riikka akaanza kusema saa saba. Nikamkatiza, nikamwambia daktari aandike saa tano na nusu, kisha aandike saa saba. Akauliza kwa nini mbili. Nikamweleza mbele ya Arvi. Arvi alikuwa amelala na bomba mkononi, anatazama dari. Hakunitazama.

Walimtapisha, wakamwekea maji, wakampima damu. Walisema sumu hii haina dawa yake, kuna kungoja tu na kupima tena, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku ya tano wakamrudisha nyumbani, angojee huko.

Arvi hana mtu. Mkewe alimwacha zamani akaenda Uswidi. Basi nilikwenda. Siku ya kwanza nilisimama uani kwake robo saa nzima nikitafuta la kusema mlangoni, na nilipobisha alifungua akasema tu kwamba alikuwa ananitazama dirishani tangu mwanzo na alishaanza kupata baridi kwa niaba yangu. Nikaingia. Nilikwenda kesho yake, na kesho kutwa. Tulikunywa kahawa. Kila akinyanyua kikombe, tulitazama wote wawili kama ni kwa hamu ya kahawa au ni ile kiu. Kila akienda msalani, nilisikiliza. Ni jambo la aibu kusikiliza mwanaume mwenzio akikojoa na kumshukuru Mungu, lakini nilifanya hivyo.

Siku ya kumi na mbili ilikuja barua ya halmashauri, kwa wote tuliokuwepo. Ilisema kwamba kutokana na tukio lililotokea, matembezi ya vuli yamesitishwa hadi taarifa nyingine itakapotolewa, na kwamba mkataba wa mratibu umefikia mwisho. Wakafunga, basi. Hicho ndicho wanachokijua: kitu kikiwauma wakubwa, wanakifunga, na aliye chini kabisa anaondoka na lawama. Nilimpigia Riikka simu nikamwambia akiitwa kujieleza, nitakwenda naye, na meza sitaigusa. Alicheka kidogo, halafu akalia. Bado hajaitwa.

Siku ya ishirini walisema muuguzi atapiga simu kabla ya saa sita na majibu ya damu ya mwisho. Tulikaa jikoni kwa Arvi tangu asubuhi. Simu ilikuwa mezani kati yetu. Arvi alikuwa amevaa shati safi, kama mtu anayengoja kuchukuliwa.

Ilipolia hakuipokea. Aliitazama ikizunguka kwa mtetemo wake juu ya kitambaa cha meza. Ikalia mara tatu, nne. Uso wake ulikuwa umekuwa mweupe kama unga.

“Pokea wewe,” alisema. “Mimi koo limekauka.”

Tulitazamana, kwa sababu ya neno hilo.

Nikapokea. Sauti ya mwanamke ikataja jina la Arvi, nikasema yuko hapa, amekaa, mimi ninamsikilizia. Akauliza mimi ni nani wake. Nikafikiri.

“Tulikata miti pamoja,” nikasema.

Nikasikia karatasi zikifunuliwa. Akamwomba Arvi mwenyewe aseme kwa sauti kama anakubali nisikie majibu. Arvi akasema ndiyo, sauti nyembamba kama ya kifaranga. Kisha yule mwanamke akanisomea namba, ambazo sikuzielewa, nikamwambia mimi nilisoma miaka sita tu, aniambie kwa Kifini cha kawaida. Akaniambia. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamshukuru, nikakata, nikaiweka simu mezani taratibu.

“Amesemaje?” Arvi aliuliza.

“Figo zote mbili ni nzima.”

Alishusha kichwa hadi paji la uso likagusa meza, akabaki hivyo. Mabega yalimtikisika. Nilitazama nje mpaka alipomaliza; hilo nalijua kufanya. Alipoinuka alijifuta kwa mkono wa shati.

“Nimechomwa sindano kumi na moja,” alisema. “Ungesema saa tano na nusu nisingechomwa hata moja.”

“Ndiyo,” nikasema.

Alingoja nijitetee. Sikujitetea. Akavuta birika, akalitikisa karibu na sikio.

“Na kahawa yangu umeimaliza,” alisema. “Siku kumi na tano. Mtu analetewa kifo, halafu anafilisiwa.”

Nikavaa koti, nikaenda kununua nyingine.